Crystal City: Mji wa Maji na Spinachi

Marekani ni nchi yenye majimbo 50. Jimbo moja kubwa sana linaitwa Texas. Texas ni kubwa kuliko Kenya nzima, lakini ni ndogo kuliko Tanzania. Iko upande wa kusini, na imepakana na nchi ya Meksiko. Mpaka wao ni mto uitwao Rio Grande.

Watu wengi wakisikia jina la Texas hufikiria ng'ombe, visima vya mafuta na matajiri wenye kofia pana. Hivyo vyote vipo. Lakini leo, msomaji, hatuendi kwa matajiri. Twende katika mji mdogo wa wakulima na vibarua. Mji huo unaitwa Crystal City. Mwaka 2020 ulikuwa na watu kama 6,300 tu. Huenda tarafa yako ina watu wengi kuliko hao.

Mbele ya ofisi za mji huo pamesimama sanamu. Si sanamu ya rais, wala si ya askari. Ni sanamu ya baharia wa katuni aitwaye Popeye. Katika hadithi zake, Popeye akila spinachi hupata nguvu za ajabu na kuwapiga maadui zake. Sanamu hiyo iliwekwa mwaka 1937. Spinachi ni mboga ya majani, jamaa ya mchicha wetu. Kwa nini mji mzima umheshimu mla mboga? Jibu lake linaanzia chini ya ardhi.

MAHALI PENYEWE

Crystal City iko kusini mwa Texas, karibu na mto Nueces. Kutoka hapo hadi San Antonio, ambao ni mji mkubwa, ni karibu kilomita 190. Mpaka wa Meksiko uko mwendo wa saa moja hivi kwa gari. Mji huu ndio makao makuu ya wilaya ya Zavala tangu mwaka 1928.

Nchi yenyewe ni tambarare na kavu. Mvua yake kwa mwaka ni kidogo, inakaribiana na ile ya Dodoma. Wakati wa kiangazi jua ni kali sana. Miti ya asili ni mifupi na yenye miiba. Mti unaoenea kuliko yote unaitwa meskiti. Watu wa Baringo kule Kenya wanamjua ndugu yake, kwa maana mti wao wa mathenge ni wa ukoo huohuo. Basi hao hawahitaji kuelezwa kazi ya kung'oa visiki vyake.

Zamani waliishi hapo wenyeji wa asili, watu wa kuwinda na kuokota matunda ya porini. Kisha wakaja Wahispania. Baadaye Texas ikawa sehemu ya Meksiko, mpaka mwaka 1836 ilipojitenga. Mwaka 1845 ikaingia Marekani. Jina la wilaya, Zavala, ni la Mmeksiko aliyekuwa makamu wa kwanza wa rais wa Texas ilipojitenga. Shika jambo hilo akilini. Wilaya ilipewa jina la Mmeksiko, lakini Wameksiko walichukua muda mrefu sana kupata kiti katika ofisi zake.

MAJI YANAYOPANDA YENYEWE

Mwaka 1905 wafanyabiashara wawili wa ardhi walinunua shamba la ng'ombe la ekari 10,000. Majina yao yalikuwa Carl Groos na E. J. Buckingham. Walilikata shamba hilo vipande vipande, wakawauzia wakulima. Katikati wakapima viwanja vya mji. Wakauita Crystal City, maana yake mji wa maji maangavu. Mwaka 1910 ukatambuliwa rasmi kuwa mji.

Maji hayo yalitoka wapi, na nchi ni kavu? Chini ya ardhi kuna tabaka nene la mawe ya mchanga. Tabaka hilo limelala kwa kuinama, kama bati la paa. Upande wa juu limetokeza nje, na huko ndiko maji ya mvua na ya mito huingia. Upande wa chini limefunikwa na udongo wa mfinyanzi usiopitisha maji. Kwa hiyo maji yanashuka polepole kwa miaka mingi, na hayapati njia ya kutoka.

Unaweza kujaribu mwenyewe. Chukua mpira wa kumwagilia, uujaze maji. Inua ncha moja juu ya kichwa chako. Ziba ncha ya pili kwa kidole, uishushe hadi magotini. Sasa toboa tundu dogo karibu na kidole. Maji yataruka juu bila kuvutwa na mtu. Ndivyo ilivyokuwa kwa visima vya kwanza vya sehemu ile. Mkulima alichimba, akafika kwenye mawe ya mchanga, na maji yakapanda yenyewe hadi juu ya ardhi.

Maji yapo, jua lipo, na majira ya baridi si makali. Wakati mashamba ya kaskazini mwa Marekani yamefunikwa na theluji, huku mboga zinaota. Watu wakaiita sehemu hiyo Bustani ya Majira ya Baridi. Walianza na vitunguu. Kisha wakaingia katika spinachi, na spinachi ikashinda mazao mengine yote. Iliwekwa katika mabehewa ya treni pamoja na barafu, ikapelekwa miji ya mbali ikiwa bado mbichi.

Wakulima wale wakasema mji wao ndio makao makuu ya spinachi duniani. Mji wa Alma, katika jimbo la Arkansas, nao unadai cheo hichohicho, na nao umesimamisha sanamu ya Popeye. Ubishi huo tuwaachie wenyewe.

Lakini maji ya ardhini ni kama akiba ya pesa. Ukichota kuliko kinachoingia, akiba hupungua. Visima vilizidi, mashamba yakazidi. Haikupita miaka mingi, visima vingi vikaacha kububujika. Ikabidi kununua mashine za kuvuta maji, na kila mara kuchimba zaidi kwenda chini. Mkulima mwenye fedha aliweza. Mkulima mdogo aliuza shamba.

MIKONO ILIYOFANYA KAZI

Mpaka hapa tumesema wakulima walifanya hiki na kile. Sasa tuulize: nani aling'oa visiki? Nani alipalilia vitunguu? Nani aliinama toka asubuhi hadi jioni akikata spinachi kwa kisu?

Walikuwa Wameksiko. Wengi walivuka mto Rio Grande baada ya vita vya mapinduzi kuanza kwao mwaka 1910. Watoto wao walizaliwa Texas, wakawa raia wa Marekani. Hata hivyo Wazungu waliendelea kuwaita Wameksiko, na sisi tutatumia jina hilo ili maelezo yawe mepesi.

Spinachi huvunwa miezi ya baridi. Ikiisha, kazi nayo inaisha. Kwa hiyo kila mwaka, majira ya joto yakikaribia, familia nzima zilipanda malori na kwenda kaskazini, safari ya zaidi ya kilomita 2,000. Huko walipalilia viazisukari na kuchuma matunda. Walirudi wakati majira ya baridi yakikaribia. Milango ya nyumba zao ilipigwa misumari mpaka warudi.

Na watoto je? Watoto walikwenda pamoja na wazazi, maana mikono yao nayo ilihesabiwa. Walitoka shuleni kabla ya mwaka kwisha, wakarudi mwaka mwingine umeshaanza. Wengi walichoka na kuacha masomo. Hivyo mtoto wa kibarua akawa kibarua.

Mnamo mwaka 1945 kilijengwa kiwanda cha kusindika mboga na kuzitia katika makopo. Baadaye kilijulikana kwa jina la Del Monte. Kiwanda hicho kilikuwa mwajiri mkubwa kuliko wote mjini. Wafanyakazi wake walikuwa na chama cha wafanyakazi. Kumbuka chama hicho, tutakirudia.

KAMBI YA SENG'ENGE

Kuna habari nyingine ambayo haihusu spinachi, lakini haifai kuiruka. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, serikali ya Marekani iliwashuku watu wenye asili ya nchi ilizopigana nazo, hasa Wajapani na Wajerumani. Mwishoni mwa mwaka 1942 ilifungua kambi pembeni mwa Crystal City, mahali palipokuwa na vibanda vya vibarua. Kambi ilizungushiwa seng'enge na minara ya walinzi. Wafungwa wake walikuwa familia: baba, mama na watoto. Mwisho wa mwaka 1944 walikuwa zaidi ya 3,300.

Wengi hawakuwa wameshtakiwa kwa kosa lolote. Baadhi ya watoto walikuwa wamezaliwa Marekani, yaani ni raia kamili. Tena kulikuwa na Wajapani waliokamatwa katika nchi ya Peru, maelfu ya kilomita kutoka hapo, wakaletwa kwa meli. Wengine walibadilishwa na Wamarekani waliokuwa wameshikwa Japani na Ujerumani, kana kwamba ni mizigo. Humo kambini mlikuwa na shule, hospitali na hata bwawa la kuogelea ambalo wafungwa walilijenga wenyewe. Kambi haikufungwa vita vilipokwisha mwaka 1945. Ilifungwa Februari 1948. Mwaka 1985 baadhi ya waliofungwa humo walirudi, wakaweka jiwe la ukumbusho.

KURA YA MWAKA 1963

Sasa turudi mjini. Ilipofika miaka ya 1960, katika kila watu 10 wa Crystal City zaidi ya 8 walikuwa Wameksiko. Lakini meya alikuwa Mzungu. Madiwani karibu wote walikuwa Wazungu, na bodi ya shule ilikuwa mikononi mwao. Mitaa ya Wazungu ilikuwa na lami. Mitaa mingi ya Wameksiko ilikuwa vumbi tupu, na matope mvua ikinyesha.

Utauliza: kama walikuwa wengi hivyo, kwa nini hawakupiga kura? Sheria ya Texas ilidai mpiga kura alipe kodi ya kura kwanza. Kodi hiyo ilikuwa dola 1 na senti 75 kwa mwaka, na ililipwa kabla ya mwezi Februari. Wazee wetu waliijua kodi ya kichwa ya wakoloni. Hii ilikuwa tofauti kidogo. Asiyelipa hakufungwa, ila siku ya kura alikaa nyumbani. Kwa kibarua mwenye mke na watoto wengi, fedha hiyo ilikuwa chakula. Tena wengi walimwogopa tajiri wao. Waliona kura ni mambo ya wakubwa.

Mwishoni mwa mwaka 1962 chama cha wafanyakazi wa kiwandani, pamoja na chama kimoja cha kisiasa cha Wameksiko, kilianza kazi ya nyumba kwa nyumba. Walieleza maana ya kura. Waliwahimiza watu walipe kodi ile. Muda ulipokwisha, Wameksiko zaidi ya 1,000 walikuwa na stakabadhi mkononi, idadi kubwa kuliko ya Wazungu.

Wagombea wao walikuwa watano, na viti vilikuwa vitano. Hakuna aliyekuwa tajiri wala msomi mkubwa. Kiongozi wao, Juan Cornejo, alikuwa mtu wa chama cha wafanyakazi. Polisi maalumu wa jimbo waliletwa mjini, wakazunguka mitaani. Siku ya kura, Aprili 2, 1963, watu walipanga mstari. Kura zilipohesabiwa, wote watano walikuwa wameshinda. Cornejo akawa meya. Magazeti ya nchi nzima yakaandika habari za mji ambao wengi hawakuwahi kuusikia.

Ushindi huo haukudumu. Baadhi ya madiwani wapya walikosa kazi au wakapunguziwa mshahara. Hawakuwa na uzoefu wa kuendesha ofisi, na wakaanza kugombana wenyewe kwa wenyewe. Mwaka 1965 walishindwa. Lakini watu walikuwa wameshaona kwamba jambo hilo linawezekana. Na mwaka 1966 kodi ya kura ikaondolewa kabisa katika Texas.

WANAFUNZI WATOKA MADARASANI

Mara ya pili mambo yalianza na watoto, tena kwa jambo ambalo mtu angeweza kulicheka. Shule ya sekondari ilikuwa na wasichana wanne wa kushangilia timu ya mpira. Wanafunzi wengi walikuwa Wameksiko. Hata hivyo, kwa desturi ya shule, Mmeksiko alipewa nafasi moja tu kati ya zile nne.

Lakini nyuma ya jambo hilo dogo palikuwa na makubwa. Mtoto aliyesikika akisema Kihispania shuleni aliadhibiwa. Baadhi yenu mliosoma shule za zamani mtaikumbuka adhabu ya kuvishwa kibao shingoni kwa kusema lugha ya nyumbani. Ilikuwa aibu ya namna hiyohiyo. Vitabu havikuwa na habari za wazee wao. Wengi waliacha shule kabla ya kumaliza.

Wanafunzi waliandika madai yao. Mmoja wa viongozi alikuwa msichana aitwaye Severita Lara. Bodi ya shule ilikataa. Desemba 9, 1969, wanafunzi wakatoka madarasani na kuandamana. Siku zilivyokwenda idadi iliongezeka, hadi kufikia 1,700 hivi. Wazazi waliwaunga mkono. Hapo ndipo ilipoonekana tofauti na mwaka 1963, kwa maana safari hii nyumba nzima ilisimama pamoja. Wanafunzi watatu walisafiri hadi Washington, wakaonana na wabunge wakubwa. Wakati wa sikukuu ya Krismasi walimu wa kujitolea walikuja kuwafundisha, ili wasibaki nyuma. Mapema Januari 1970 bodi ilikubali sehemu kubwa ya madai.

Mwezi huohuo wazazi na vijana walianzisha chama chao cha siasa. Waliongozwa na José Ángel Gutiérrez, kijana aliyezaliwa hapohapo mjini. Aprili 1970 chama hicho kilipata viti katika bodi ya shule na katika baraza la mji. Gutiérrez akawa mwenyekiti wa bodi. Walimu wenye kusema Kihispania wakaajiriwa, na watoto wadogo wakaanza kufundishwa kwa lugha zote mbili. Naye Severita Lara alipokuwa mtu mzima alipata kuwa meya wa mji.

GESI NA MAJI

Usidhani, msomaji, kwamba baada ya hapo shida zilikwisha. Chama kile kilipasuka kwa ugomvi wa ndani. Kisha ikaja habari ya gesi. Watu wa mji walipikia gesi iliyoletwa kwa mabomba. Katika miaka ya 1970 bei ya mafuta na gesi ilipanda duniani kote. Kampuni ilidai bei mpya, mara kadhaa ya ile ya zamani. Mji ulisema una mkataba, na utalipa bei ya mkataba. Shauri likaenda mahakamani, mji ukashindwa. Septemba 1977 kampuni ilikata gesi ya mji mzima. Katika nchi tajiri kama Marekani, na katika jimbo linalochimba gesi, watu walirudi kupikia kuni. Wengine walinunua mitungi.

Mwaka 2016 mji ulisikika tena. Mwezi Februari meya, meneja wa mji na madiwani kadhaa walikamatwa na kushtakiwa kwa rushwa. Baraza likabaki karibu tupu. Mwezi huohuo watu walifungua mabomba, wakaona maji meusi. Tangi kubwa la mji lilikuwa limesafishwa, na tope la chini yake likaingia katika mabomba. Fikiria kinamama wa mji uliopewa jina la maji maangavu, wakipanga foleni kungojea maji ya chupa.

Mwaka 2019 kampuni ya Del Monte ilitangaza kwamba itaondoa kazi zake katika kiwanda cha Crystal City na kuzipeleka kwingine. Watu wamekuwa wakipungua. Mwaka 2010 walikuwa 7,138, na miaka 10 baadaye wamepungua kwa mamia kadhaa. Vijana wengi huhamia San Antonio na miji mingine mikubwa.

Spinachi bado inalimwa katika sehemu hiyo, na mashine ndizo zinazokata. Sehemu ya ardhi ya kambi ya zamani sasa ina majengo ya shule. Kila mwaka mwezi wa Novemba mji hufanya sikukuu ya spinachi. Watu waliohama hurudi nyumbani, hutembeleana, na hupita mbele ya Popeye aliyesimama na kiko chake mdomoni.